Maktaba Mbili Ndani ya Kompyuta Moja

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Tunduma, mwanangu, kompyuta ya pekee ya kibanda chetu ikiwa mbele yangu, nami niko tayari kuiua bila kujua. Darasa la saba niliishia, na sioni haya kusema. Kuandika programu nilifundishwa na Bashi Mwila, yaani baba yake Mwila, fundi wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, aliyefungua kibanda upande wetu wa mpaka.

Mama Zuhura, mwenye yadi ya malori pale Chapwa, alituletea kidude cha getini cha kuonyesha zamu za magari. Kumbukumbu ya kidude hicho ilikuwa finyu mno. Programu yangu, niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, iligoma kuingia, maana ilibeba maktaba kubwa ya kompyuta yetu, ile ambayo programu zote huchota humo kazi za kawaida kama kusoma na kuandika. Ipo maktaba nyingine ya C, nyembamba. Na Mama Zuhura alikwisha kusema, "Leo jioni isipowaka, kazi naipeleka Mbeya."

Basi nikataka kuing'oa ile kubwa, niweke ndogo mahali pake. Bashi Mwila akanidaka mkono.

"Iwe, wewe! Mgeni mmoja hali chumvi, unabomoa jiko la nyumba nzima? Kila kitu humu kinakula kwa hiyo maktaba. Ukiing'oa, hata amri ya kuirudisha haitakusikia."

"Sasa nifanyeje, baba? Jua linakwenda."

"Andika kiskripti, orodha fupi ya amri, kisimame mbele ya kompaila, ile inayogeuza maandishi yako kuwa programu. Kama wakala wa forodha: lori halibadiliki, yeye analielekeza tu dirisha la kwenda."

Nikaandika. Kila nilipoita kompaila, kiskripti kiliipokea amri na kuipeleka kwenye folda ya maktaba ndogo. Programu ikajengeka, nikashangilia. Kuiwasha, ikafa palepale! Bashi Mwila akacheka mpaka akakohoa. Maktaba nilibadilisha, lakini faili za maelezo, zinazoiambia kompaila maktaba imepangwaje, bado zilikuwa za ile kubwa. Njia mbili zilimshinda fisi.

Sikuinuka kwenye kigoda. Nikazielekeza faili hizo nazo kwenye folda ya ile ndogo, pamoja na vipande vya kuanzishia programu, kisibaki hata kimoja cha maktaba kubwa. Safari hii programu ikawaka, na ikaenea kwenye kidude. Jua lilipoegemea tulikuwa getini Chapwa. Namba ya lori la kwanza ikatokea kwenye kioo cha kidude. Mama Zuhura akaitazama, akamgeukia dereva: "Unangoja nini wewe? Ingia!"

Mwanangu, wapo watakaokuambia ununue mashine kubwa, au uvunje uanze upya. Usiwakimbilie. Ukitaka njia mpya, ijenge kando ya ile wanayoitegemea wenzako. Na ukishaijenga, ipite yote, si nusu. Ikikugomea, kaa nayo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi niliinama, na nyumba hii unayoiona imetoka huko. Mungu akupe kichwa kigumu mbele ya kazi na moyo mwepesi mbele ya anayekuonya. Nenda, ukashinde.