Sungura wa Shati la Seremala

Wifi yangu hakati kitambaa kabla hajakifua. Ukimletea gauni la marehemu bibi yako akutengenezee mto, atalifua. Ukimletea kitambaa kipya kutoka dukani, bado kimekunjwa kama kilivyotoka kiwandani, atakifua. Mtaani wanamwita Mama Povu, naye hanuni. Anasema nguo isiyoonja maji ni kama mchumba, tabia yake utaijua ukishamweka ndani. Kaka yangu, ambaye ndiye mumewe, anadai anaogopa kusinzia kwenye kochi asije akaamka ameanikwa.

Msimcheke lakini, ana sababu. Kabla sijaanza kufanya naye kazi, aliwahi kushona mdoli wa kitambaa chekundu, zawadi ya mtoto mchanga. Mtoto akamnyonya mdoli sikio, rangi ikachuja, na mama mtu alipoona mdomo wa mwanawe umekuwa mwekundu akatoka mbio barabarani akilia kwamba mtoto anatapika damu. Mtaa mzima ulimiminika. Tangu siku hiyo, wifi na beseni hawaachani.

Kazi yetu ni zawadi za mkono, na karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Tuna cherehani, meza ya kukatia, na pazia lililoficha magunia ya pamba. Watu hutuletea nguo wasizoweza kuzivaa wala kuzitupa. Wifi anazikata, anazigeuza mito, wanasesere, na hasa sungura. Sungura wake wana masikio marefu na sura ya mtu anayetaka kukuambia jambo akasita. Mimi nashona macho na kuongea na wateja. Mgawanyo huo una maana, kwa sababu mimi mdomo sijanyimwa, na wifi mbele ya mteja ni mwoga kupindukia. Mteja akikohoa tu, yeye anadhani ameharibu kazi.

Sasa siku hiyo mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta nyuzi, na wifi akampokea mteja peke yake. Alikuwa mjane, bado kijana, mumewe seremala alifariki miezi michache nyuma. Alileta shati la kazi la marehemu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Alitaka sungura mdogo wa kuenea kwenye begi la shule, kwa ajili ya binti yake anayeanza darasa la kwanza Jumatatu. Akasema, "Tafadhali dada, libaki vile vile lilivyo." Wifi akaitikia kwa kichwa. Alivyoelewa yeye, kola isitolewe, na lile doa la gundi kwenye mfuko wa kifuani lisisuguliwe. Mjane alipoondoka tu, wifi akachota maji. Alilifua kwa mikono, polepole, kwa heshima zote, na doa hakuligusa.

Niliporudi nilikuta shati liko kwenye kamba linachuruzika. Simu ikaita. Mikono ya wifi ilikuwa na povu, kwa hiyo nikaipokea mimi na kuiweka spika ili wote tusikie. Alikuwa yule mjane.

"Samahani kwa usumbufu," akasema. "Ni huyu binti yangu, ananikosesha raha. Anauliza kama mfuko bado mmeufunga."

"Mfuko upi, dada?" nikauliza.

"Ule wa plastiki, wenye shati. Ana mtindo wake. Kila akitaka kulala anaufungua kidogo, ananusa, anaufunga haraka. Anasema akiuacha wazi atammaliza baba. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Shule hawezi kwenda na mfuko wa plastiki, watoto watamcheka. Mwambieni fundi kazi yenyewe isimchukue muda mrefu, harufu isije ikapotea."

Nikamtazama wifi. Alikuwa ameganda, povu linamdondoka kwenye vidole. Nikasema, "Sawa dada, usiwe na wasiwasi," halafu nikakata simu. Wifi akaenda kwenye kamba, akalishika shati lililolowa, akalisogeza puani. Akanusa kola, akanusa kwapani, akanusa mfuko wa kifuani. Lilikuwa linanuka sabuni yetu tu.

"Nimemfua baba wa mtoto," akasema.

Basi hapo ndipo taabu yetu ilipoanza. Mimi kichwa changu ni chepesi kwenye mambo kama haya. Nilimwambia, "Wifi, maji yakishamwagika hayazoleki. Piga simu, sema ukweli. Atakasirika, atalia, atakutukana, na wewe utanyamaza umsikilize. Halafu yatakwisha."

"Yatakwisha kwake," akasema. "Je, mtoto?"

"Mtoto naye ataambiwa."

"Ataambiwa nini? Kwamba kuna mama mmoja alimmaliza baba yake kwenye beseni?"

Nikaenda zangu kushona macho. Lakini nilimwona anashika simu, anatafuta namba, anaiweka chini. Wakati mwingine aliifikisha hadi sikioni, na ikianza kuita tu, anaikata. Chakula alikuwa anakizungusha kwenye sahani. Kaka akamuuliza kama anaumwa, akasema ni joto. Kaka akasema basi na yeye ajifue. Wifi akaangua kilio pale pale mezani, na kaka yangu maskini, ambaye hajawahi kuona utani wake ukileta maafa ya namna hiyo, akakaa na kijiko mkononi bila kujua pa kukipeleka.

Ijumaa shati lilikuwa limeshakuwa sungura. Ninaweza kusema bila aibu kwamba hatujawahi kutoa sungura mzuri kama yule. Kola ilikaa shingoni, doa la gundi likaangukia tumboni. Wifi alimgeuzageuza kisha akamweka kifudifudi.

"Nakwenda kwenye karakana ya marehemu," akasema.

"Kufanya nini?"

"Ninakwenda tu."

Nilimfuata, kwa sababu nilimjua. Mtu mwoga akishaamua jambo, huwa halina breki. Karakana haikuwa mbali. Mwenzake marehemu, mzee mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, alikuwa anapiga randa. Wifi akamsalimia, akamwambia anashona zawadi ya mtoto wa marehemu, anaomba kujua baba mtu alikuwa anatumia nini. Vanishi gani, sabuni gani. Mzee hakushangaa. Nadhani alifurahi kuulizwa. Akatwambia yote: vanishi ilikuwa ile ya kopo la bluu, sabuni ya mche, na mgongo ukimsumbua alikuwa anajichua mafuta ya karafuu, mpaka wateja walikuwa wanauliza kama hapo ni kwa seremala au kwa daktari wa meno. Akatujazia na maranda kwenye gazeti.

Njiani nilimwambia, "Wifi, njia ya mwongo ni fupi."

"Sisemi uongo. Sitasema neno lolote."

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Funika kombe mwanaharamu apite," akanijibu, mkali, jambo ambalo si la kawaida yake. "Jumatatu mtoto anaingia darasani. Wewe unataka aingie mikono mitupu?"

Tulipofika nyumbani alimzika sungura kwenye maranda ndani ya gunia dogo, akampaka mafuta ya karafuu kidogo shingoni, akamgusisha vanishi nyuma ya sikio kwa ncha ya kitambaa. Anarudi kunusa, anaongeza, anarudi tena. Mimi nilisaidia kufunga gunia, maana ukiwa na ndugu huwezi kusimama pembeni ukawa hakimu. Nilipomnusa yule sungura mwishoni, nywele zilinisimama. Alinuka mtu. Mtu mzima aliyetoka kazini sasa hivi, amevua shati, amekaa.

Jumamosi walikuja. Mjane alitangulia, na binti nyuma yake, kichwa kimesukwa tayari kwa shule, viatu vipya vinamtesa. "Shikamoo," akatuamkia. Tukaitikia. Wifi alikuwa amesimama nyuma ya meza ya kukatia kama mtu aliyejificha nyuma ya kaunta, kijasho chembamba kimemtoka juu ya mdomo.

"Huyu hapa," nikasema, kwa sababu yeye alikuwa haongei, nikampa mtoto sungura wake.

Mtoto hakumtazama masikio wala macho niliyoyashona kwa bidii. Alimpeleka moja kwa moja puani na kufumba macho. Akavuta. Mama yake alikuwa anamtazama yeye, si sungura, na mimi nilikuwa ninamtazama wifi, ambaye alikuwa ameacha kabisa kupumua. Kisha uso wa mtoto ukafunguka. Sijui niseme vipi. Ulikuwa uso wa mtoto aliyesikia geti likifunguliwa.

Mimi nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, haya, kombe limefunikwa.

Mtoto akafumbua macho, akatazama chumba. Akatazama mlangoni. Kisha akamshika sungura kifuani na kwenda kuchungulia chini ya meza.

"Unatafuta nini?" mama yake akamuuliza.

Alikwenda kwenye pazia, akalifunua, akaingia nyuma yake kwenye magunia. Tulimsikia anayasogeza. Alipotoka alikuwa na pamba kwenye nywele, na bado anatabasamu, tabasamu la mtu anayecheza kujificha na mwenzake amejificha vizuri.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Baba. Si alikuwa hapa sasa hivi?"

Mjane alimchukua sungura taratibu kutoka mikononi mwa binti yake, akamnusa. Akanusa mara moja tu. Shati alilolileta lilikuwa la miezi kadhaa, na harufu yake alikuwa anaijua ilivyofifia; hii ilikuwa mbichi. Akamtazama wifi.

"Mmefanya nini?"

Wifi akasema. Alisema yote, kwa haraka, bila kujitetea: beseni, simu, karakana, karafuu. Nilitaka kuingilia nimsaidie, nikaona hapana, ayaseme mwenyewe. Mjane alisikiliza hadi mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na hata kofi, na kama angempiga wifi yangu sijui ningefanya nini. Hakufanya hata kimoja.

"Ungenipigia simu tu," akasema. "Nilijua siku moja harufu itaisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo." Sauti yake ilikuwa ya chini, kwa sababu mtoto alikuwa amerudi mlangoni anachungulia nje, huku na huku. "Kumwambia mtoto huyu kwamba baba yake amekufa nilidhani ni kazi ya mara moja. Mwanzo hakuniamini. Alikaa na viatu vya baba yake kwenye ngazi mpaka akachoka mwenyewe. Nimehangaika naye mpaka akakubali. Sasa unataka nimwambie tena."

Alimrudishia wifi sungura, akafuta macho kwa kiganja, akageuka kumwita mtoto.

"Subiri, dada," wifi akasema. "Hili si lako tena. Nitamwambia mimi."

Nikataka kumzuia. Wifi yangu, huyu huyu asiyeweza kumwambia mteja kwamba zipu imeisha. Alitoka nyuma ya meza, akaenda mpaka mlangoni, akapiga magoti kwenye sakafu, sungura mkononi. Mjane hakusogea. Mtoto alikuwa bado anaangalia barabarani.

"Baba hakuja hapa," wifi akamwambia. "Harufu hii nimeitengeneza mimi. Shati la baba nililifua, nikakosea, nikaogopa kukuambia. Baba amekufa, mwanangu, kama mama alivyokuambia. Mama hakukudanganya. Aliyekudanganya ni mimi."

Mtoto aligeuka, akamtazama. Tabasamu halikuondoka mara moja, liliondoka kidogo kidogo, na wifi alikaa pale pale akaliangalia mpaka mwisho.

"Hata Jumatatu hatakuja?" akauliza. "Kunipeleka shule?"

"Hata Jumatatu," wifi akasema.