Mahali Panapobonyea

Usiku ule nililala nimevaa soksi, sweta na hasira. Soksi na sweta ni kwa ajili ya baridi ya Njombe ya mwezi wa saba, ambayo hata mbwa wetu hubisha hodi aingie ndani. Hasira ni kwa ajili ya Rehema.

Rehema ni binti wa marehemu Mwalimu Chilumba, na tunasoma naye kidato cha tatu. Mchana wa siku ile alinivuta mkono wa sweta nje ya darasa, akanipeleka hadi nyuma ya tangi la maji.

"Festo, unaweza bado kumuiga baba?"

"Kwa nini?"

"Nataka uniite. Jina langu tu, vile alivyokuwa ananiita." Alikuwa anaangalia viatu vyake. "Nimeanza kusahau. Sura yake ninayo kwenye picha. Sauti sina popote."

Sasa, mjue kwamba mimi shuleni kwetu ndiye bingwa wa kuiga watu. Mkuu wa shule nampatia mpaka anavyovuta kamasi katikati ya tangazo. Mchungaji nampatia mpaka mama yangu anaitikia "amina" kutoka jikoni. Ila Mwalimu Chilumba ndiye nilikuwa nampatia kuliko wote. Kuna siku niliongea kwa sauti yake nyuma ya mlango, darasa zima likasimama na kuamkia. Lakini tangu tumzike mwaka jana, nikijaribu tu, koo linajifunga kama mtu amelikaba.

Nikamwambia Rehema, "Kesho."

"Kesho ipi?"

"Kesho ya kawaida, bana."

Akaniachia sweta. "Haya," akasema. Angenitukana ningelala vizuri. Ile "haya" ndiyo niliyoingia nayo kitandani.

Mwalimu Chilumba alikuwa mtu wa Mtwara, na baridi yetu hakuizoea hata siku moja. Alivaa masweta mawili, akasimama pale jua la dirishani lilipoangukia. Jua likihama naye anahama, hivyo mwisho wa kipindi unamkuta yuko kwenye kona, ubao uko kule, na bado anafundisha. Kwa kuwa walimu hawatoshi, alikuwa na Biolojia, Jiografia na Uraia, yote yeye. Akichoka anachanganya. Anaingia, anatutazama, anauliza, "Haya, hiki kipindi cha nini?"

Siku moja nikajibu, "Cha kuimba, mwalimu."

Akaweka chaki chini. Akaimba wimbo wa kwao, beti mbili nzima, macho amefumba, sisi hoi kwa kicheko. Alipomaliza akasema, "Sasa Biolojia. Pumzi niliyoimbia ilitoka wapi?"

Na somo lolote alilofundisha lilifika kwenye swali lake lile lile. Aliwahi kuja na parachichi, akalipitisha kila mtu alibonyeze kwa dole gumba. "Mtu naye ana mahali panapobonyea," akasema. "Panatafutwa na kila somo. Ni wapi?" Bosco, jirani yangu wa dawati, akajibu, "Tumboni, mwalimu, hasa saa sita hii." Mwalimu akampa parachichi lote.

Nimonia ndiyo iliyomchukua. Wiki haikuisha.

Basi nikalala. Nikaota niko darasani, madawati ni yale yale, ila hakuna mtu zaidi yangu, na ukungu umeingia mpaka ndani. Mwalimu Chilumba akaingia na shati la mikono mifupi. Hakutafuta jua. Alisimama katikati ya ubao, mahali ambapo sikuwahi kumwona akiwa hai, akafungua daftari la mahudhurio.

"Festo."

Bibi yangu alishanionya: marehemu akikuita ndotoni, usiitike, atakubeba. Nikabana mdomo.

"Festo."

Nikauma ulimi.

"Festo mtoro," akasema, akachukua kalamu aandike.

"Nipo, mwalimu!" Afadhali kubebwa kuliko kuandikwa mtoro.

Akacheka kile kicheko chake cha puani. Akageuka, akachora kichwa cha mtoto mchanga ubaoni, akaniita mbele. "Gusa hapa juu." Naweka kidole, na chaki ina joto. Inapiga chini ya kidole, polepole, kama kitu kinachopumua.

"Utosi," anasema. "Wote mlikuja hivi. Mlango wazi."

"Wangu ulifungwa mapema, mwalimu." Darasa zima likacheka, ingawa darasani hamna mtu.

Mstari wa kile kichwa unazidi kupanda, unakuwa mlima, na sisi tumesimama juu yake mvuani. Silowi. Bondeni kuna nyumba, mabati yanang'aa. Namwona mama mmoja anatoa magodoro nje.

"Ipi itaondoka na maji?" anauliza mwalimu.

"Ile ya chini kabisa."

"Hilo hata kondoo analijua. Kwa nini mwenyewe amejenga chini?"

Kwa kawaida nisipokuwa na jibu huwa nina utani, na utani nao sina.

"Huku juu kulishachukuliwa," anasema. "Mvua inajua kunyesha tu. Sisi ndio tunaompanga mtu akae wapi inaponyesha."

"Hiki sasa kipindi cha nini, mwalimu? Tulikuwa Biolojia."

"Bado kile kile."

Mvua ikakatika. Tuko kwenye chumba chenye benchi refu, na hakimu ni kaka yangu Meshaki, kavaa taulo mabegani. Mshtakiwa ni mimi, mdogo, kaptura inanidondoka. Kosa langu ni kula ndizi za hakimu. Meshaki anataka nifungwe maisha, na kwa ninavyomjua, hatanii. Mwalimu Chilumba akasimama mbele yangu nisimwone hakimu.

"Mheshimiwa, huyu ni mtoto. Sheria inalijua hilo."

"Sheria imelijuaje?" Meshaki akafoka.

"Walioiandika walianza wakiwa watoto."

Meshaki akakuna kichwa. Taulo likaanguka, na chini ya taulo hapakuwa na Meshaki, palikuwa na jiko la mkaa limewashwa, na tuko uani kwa mwalimu, nyumba ile ya shule waliyokaa kabla hawajahama. Nasikia harufu ya samaki mkavu aliyeletwa kutoka kwao. Nilikuwa napitia pale jioni kwa kisingizio cha kuuliza swali la Jiografia, nikae mpaka chakula kiive. Nadhani alijua. Aliniandalia kigoda.

Rehema amekaa mkekani, mdogo wa darasa la kwanza hivi, ametupa mgongo. Anasuka nywele za mwanasesere wa gunzi.

"Mwite," mwalimu anasema.

"Mwite mwenyewe, si wako?"

Anageukia mkekani, anafungua mdomo. Midomo inacheza, shingo inajikaza, lakini hakitoki kitu. Hata ule mvuke wa baridi hautoki. Rehema anaendelea kusuka. Mwalimu anajaribu tena, na sijawahi kumwona mtu mzima akijaribu kitu kwa namna ile. Nikatazama jiko.

"Mbona mimi nakusikia?" nikamuuliza.

"Kwa sababu sauti yangu unayo wewe."

Sikupenda jibu hilo hata kidogo.

"Nitalia, mwalimu. Nikianza tu, nitalia mbele yake, halafu Bosco apate habari, nichekwe mpaka cheti cha kidato cha nne."

Akaja karibu. Akaweka kidole kwenye koo langu, akabonyeza taratibu, vile tulivyobonyeza lile parachichi.

"Ni hapa?"

"Ni hapo."

"Inapitia hapo hapo. Hakuna njia nyingine." Akaondoa kidole. "Ukilia katikati, endelea."

Nilitaka kumwambia akae kidogo. Nilitaka kumwambia kwamba kipindi chake cha Uraia siku hizi hakifundishwi, tunakatia nyasi. Lakini uani pameanza kuwa peupe, harufu ya samaki inapotea, na kisigino cha mtu kinanigonga mbavuni.

"Unakohoa nini kama mzee?" Meshaki, kaka yangu, ambaye nalala naye kitanda kimoja. "Lala au toka."

Nikatoka. Kulikuwa kunapambazuka, nyasi nyeupe kwa umande ulioganda. Sikunawa hata uso, kwa kuwa nilijua nikikutana na maji nitaamka sawasawa na nitapata akili ya kuahirisha tena.

Siku hizi kina Rehema wanaishi chumba cha kupanga nyuma ya kanisa. Rehema alikuwa uani, amechuchumaa, anasugua sufuria kwa majivu, mgongo kwangu. Nikasimama kwenye wigo. Nikakohoa kile kikohozi cha mtu wa Mtwara aliyeonewa na hali ya hewa, kisha nikaita. Mwalimu alikuwa analivuta jina katikati, halafu anashusha mwisho wake kama mtu anayetua ndoo asimwage.

"Reheeema."

Mkono wake ukasimama juu ya sufuria.

Nikaita mara ya pili. Katikati ya jina koo likabonyea, sauti ikapasuka, ikawa nusu ya mwalimu na nusu ya mbuzi. Machozi hayo. Nikaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa jina, nikalitua.

Nikashika mti wa wigo ili niingie. Rehema akanyoosha mkono nyuma, kiganja cheusi kwa majivu, bila kugeuka.

"Usije huku mbele," akasema. "Baki hapo hapo ulipo. Ita tena."