Mikato Mitatu Nyuma ya Kimashine cha Umeme

Mwaka wa mafuriko makubwa, nikiwa na miaka tisa, mto ulichukua shamba la baba na darasa langu la pili kwa siku moja. Tangu hapo kila nilicho nacho nimekitafuta kwa mikono yangu, na ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua sichoki kulisema. Jumanne nililetewa habari kwamba jirani yangu hapa kijijini Wema, mrina asali, amefariki. Yeye hata darasa la kwanza hakuliona. Leo nitasema jambo ambalo akiwa hai nilikataa kulisema.

Miaka michache iliyopita mto ulifurika tena. Mimi na majirani tulipakia kwenye mtumbwi mmoja magodoro, kuku na vile vimashine vya kuingizia tokeni za umeme, mita zenyewe zikabaki juu ya nguzo, maana tuliamini umeme wenyewe umo mle ndani. Maji yalipokauka tukarudi, kila mtu akachomeka kimashine chake ukutani. Siku chache baadaye wakwe wa Kipini walikuwa wanakuja kwa ndoa ya binti yangu. Friza ilikuwa imejaa kambare, na asubuhi hiyo umeme ukaisha. Watu wa Kipini ni wavuvi, samaki aliyeanza kuharibika wanamjua tangu mlangoni, hawajavua hata viatu.

Sikutishika. Nikavaa miwani, nikasoma namba ya mita iliyobandikwa kwenye kimashine, tarakimu kumi na moja, nikanunua tokeni kwa simu. Nikabonyeza tarakimu zake ishirini. Ikakataa. Nikarudia polepole, kisha kwa hasira. Mke wangu akauliza kama nina hakika na ile namba, nikamjibu kwamba namba haijawahi kunishinda. Kufika adhuhuri friza ilikuwa inadondosha maji, na paka wa kijiji wamekwisha kupata habari.

Yule jirani mrina asali akaja, akasimama mlangoni akinitazama ninavyobonyeza.

"Msomi," akasema, "hebu geuza hicho kitu."

Nikageuza. Nyuma palikuwa na mikato mitatu ya kisu, ileile aliyoichonga kwenye mizinga yake yote ili watu wasigombanie asali.

"Hiki changu. Chako kiko kwangu, kimetulia tu."

Ile namba niliyoisoma bila kukosea ilikuwa ya mita yake. Tukabadilishana, akaingiza tokeni kwake, ikakubali mara moja. Umeme ukishaingia kwenye mita ya mtu hautoki, na nilipotaka kununua mwingine, mtandao wa simu ulikuwa umelala. Jirani akacheka mpaka akakaa chini, kisha akashika upande mmoja wa friza. Tukaibeba hadi nyumbani kwake, nyumba ya balbu moja, kambare wakaganda tena.

Wakwe walikula wakaomba waongezwe. Mimi nikawaambia, wao na mke wangu, kwamba mita ilikuwa mbovu. Jirani alikuwa amekaa palepale na sahani yake. Akanitazama, akaendelea kula.

Sisi tuliojifunza kusoma kwa taabu tunadhani kusoma bila kukosea kunatosha. Siku hizi kila kitu cha mtu kina namba. Kwanza ujue ile unayoisoma ni ya nani.

Leo nina nyumba ya mabati, ekari mbili za mpunga, mtumbwi, friza ileile, na kimashine cha umeme chenye mkato mmoja nyuma. Niliukata tulipotoka kumzika jirani, baada ya kumwambia mke wangu ukweli.