Mbu Waliokosa Jioni

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye maabara ya utafiti, Msimamizi wa Chumba cha Mbu, mama mmoja mcheshi, alinikabidhi koti jeupe akasema, "Felista, wenzetu hufuga kuku. Sisi hapa tunafuga mbu." Nilikuwa nimetoka nyumbani Lipangalala nikidhani nimeajiriwa kufagia.

Viluwiluwi, yaani watoto wa mbu, tuliwalea kwenye mabeseni ya maji. Wakishaota mabawa tuliwahamishia kwenye vizimba vya wavu. Kila chandarua kipya na kila dawa mpya vilijaribiwa kwanza kwao.

Kisha tukaletewa mbu wa aina nyingine kutoka bondeni. Walikula vizuri, lakini mayai yao hayakuanguliwa. Mkuu wa Maabara, mzee wa Kipogoro asiyependa maneno mengi, alimpasua jike mmoja chini ya hadubini, akanionyesha kifuko ambamo jike huhifadhi mbegu za dume. Kilikuwa kitupu.

"Hawa hawajaolewa hata mmoja," alisema. "Mwisho wa mwezi wakiwa hivi, chumba kinafungwa."

Tulikuwa wafanyakazi wanne, wote wa mkataba.

Msimamizi alinituma ng'ambo ya mto, kwa Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma. Mbu wale walikamatwa bomani kwake. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida yetu. Alicheka.

"Mwanangu, kila mnyama na posa yake. Fahali wangu hupigana. Sheshe, wale swala wa mbugani, dume hulinda kipande chake cha majani, majike wakapita kuchagua. Ndege mnana hufuma kiota, jike akikikataa anafuma kingine. Hao wako, subiri jua lizame."

Jua lilipozama, mbu madume kwa mamia walikusanyika juu ya rundo la samadi kavu, wakipanda na kushuka kama moshi. Jike akaingia katikati, akadakwa na dume mmoja, wakaanguka pamoja. Giza lilipokolea, wote wakatawanyika.

Nikaelewa. Sisi kila siku tulizima taa ghafla, tukaenda zetu nyumbani. Wale wa zamani walishazoea, lakini mbu wetu wapya hawakuwa na jioni.

Nilitandika kitambaa cheusi chini ya kizimba kikubwa, kiwe badala ya lile rundo la samadi, fundi umeme akafunga swichi ya kufifisha taa taratibu. Baada ya wiki mbili Mkuu alimpasua jike mwingine, akainamia hadubini.

"Sogea uone."

Ndani ya kifuko kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizojiviringa kama nywele.

"Wameoana," alisema, akavua miwani akaifuta. Nilikaa juu ya ndoo. Msimamizi alipiga vigelegele hadi watu wa ofisi za jirani wakatoka nje.

Nilistaafu mwaka jana. Binti niliyemkabidhi funguo alitaka nimwandikie siri za kazi. Nilimwambia iko moja tu: mdudu akikushinda, nenda kwao ukamtazame. Juma lile lile akanipigia simu.

"Mama, niko bondeni. Kumbe dume na jike wakikaribiana, milio ya mabawa yao inalingana! Ulijua?"

Miaka yote ile sikuwahi kuisikia.

"Sikujua, mwanangu," nilimjibu, moyo wangu ukatulia. "Hebu nieleze."