Nimempendezesha mwanangu, wamemkatia dawa

Leo nimemponza mwanangu mwenyewe.

Neema wangu ana sikoseli. Mifupa inamuuma kila siku, mwaka wa pili sasa anatumia mofini, ile dawa kali ya maumivu, ya maji.

Asubuhi tumetoka Hombolo kuja kliniki. Nikampaka mafuta, nikamvalisha gauni la kanisani.
Nikamwambia, "Usilielie mbele ya daktari, mwanangu. Jikaze."
Si ndo tulivyolelewa jamani?

Tumemkuta daktari mgeni. Neema kamwamkia vizuri, na tabasamu juu.

"Mama, huyu mbona mzima? Dawa hii inaleta uraibu, leo tunaisimamisha."
"Leo hii hii, daktari? Hata kumpunguzia kidogo kidogo?"
Kashaandika. Neema mwenyewe hajaulizwa hata neno moja.

Nje nesi akaninong'oneza, "Mama, ni haki yake kusikilizwa na kuelezwa. Rudini, aseme mwenyewe."

Nageuka, Neema machozi yanamtiririka. Nikamshika mkono, twende.
Akagoma. "Mama, nikiingia nalia sasa hivi, atasema naigiza."

Nikamkalisha kando yangu.
Bado tuko kwenye benchi, mlango hatujaugonga. Wenye wagonjwa kama wangu, niambieni, nikiingia nianze na neno gani?