Siku Tuliyopangua Kibanda cha Mama

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mkenya aliyepiga pasi mashati hata msimu wa tope, aliandika neno moja ubaoni: dismantle. Akataka sentensi. Nikanyoosha mkono, nikasema mbuzi wa jirani ame-dismantle daftari langu la hesabu.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Yeye hakucheka.

"Mbuzi anararua. Anatafuna. Hawezi ku-dismantle, kwa sababu hajui kipande gani kilitoka wapi. Hilo neno ni la mtu anayefungua kitu kimoja baada ya kingine. Greda linabomoa tu. Kaa chini, msichana."

Nilikaa. Wiki hiyohiyo tukaambiwa barabara inapanuliwa pale soko la Custom, vibanda vya kando viondoke kabla ya Jumatatu. Mama alikuwa akiuza chai na chapati hapo tangu turudi kutoka Nairobi, na kibanda hicho ndicho kilichotulisha. Mabati yakikunjwa na greda, mengine tungeyatoa wapi?

Majirani walishika nyundo wakagonga popote. "Yala, yala!" walihimizana. Mama naye akainua shoka.

"Mama, ngoja! Hiki tunaki-dismantle."

"Tunakifanya nini?"

"Tunakipangua. Kwa mpango."

"Mpango wako ndio uliounguza sufuria yangu juzi." Lakini shoka akaliweka chini.

Nilichomoa misumari mmoja mmoja, nikaitia kwenye kopo la maziwa. Kila kipande nikakiandika kwa chaki. Namba zingetosha, ila namba hazichekeshi. Bati linalovuja nikaliandika Mwalimu Mkuu. Mlango unaolalamika, Naibu. Nguzo ndefu iliyonyooka kupita kiasi, Mwalimu wa Kiingereza. Mama aliposoma alinizaba kofi la bega, kisha akageukia upande wa pili, mabega yakimtikisika.

Jumamosi mkokoteni ulituvushia vyote ng'ambo ya soko. Kazi ikawa kusoma na kusimamisha tu. Mama alishasahau adabu, anapaza sauti:

"Leta Naibu! Mwalimu Mkuu asikae juu ya jiko, atanizimia moto! Na huyo wa Kiingereza mchimbie chini zaidi, anayumba!"

"Nani anayumba?"

Mwalimu wa Kiingereza mwenyewe alikuwa nyuma yetu, mfuko wa nyanya mkononi. Akasoma nguzo. Akasoma bati. Mimi nilikuwa nikichagua njia ya kukimbilia.

"Karibu, mwalimu," Mama alisema, sauti imepungua ghafla.

Alizunguka kibanda, akasukuma nguzo moja moja kama daktari anayemkagua mgonjwa. Alipofika kwenye yake, ikaenda na mkono wake. Akaweka nyanya chini, akakunja mikono ya lile shati.

"Kweli anayumba," alisema. "Wewe, leta mawe."

Tukashindilia mpaka ikatulia. Kando yetu, majirani walikuwa bado wananyoosha mabati kwa mawe. Mama akawasha jiko. Chai ya kwanza alikunywa mwalimu, akiegemea nguzo yenye cheo chake mwenyewe, na kila mteja aliyeingia alisoma nguzo kwanza, kisha akamtazama aliyeiegemea.