Taa ya Kuonea Mdomo Wangu

Mume wangu hasikii. Sindano za kwinini zilimfunga masikio kabla hatujafika Durban. Sauti yake ilibaki, na mimi ananisoma midomo. Kwa hiyo kukiwa giza yeye anasema na mimi siwezi kumjibu. Mimi, mwenye mdomo huu ambao saluni nzima pale mjini inaujua!

Nyumbani Queensburgh tunaishi chumba kimoja na watoto na mamamkwe, na mbele ya mamamkwe mtu hagombani na mume. Mambo yetu tulikuwa tunayamalizia ndani ya pikapu, alfajiri, kabla ya kuondoka. Mlango wangu wazi, taa ya ndani inawaka, nasema yangu yote, ndipo tunashuka mjini, Warwick, yeye akabebe mizigo ya sokoni, mimi nikasuke. Mchana hatuonani, na wakati wa baridi tunatoka giza na kurudi giza. Baridi ile, taa ikaacha kuwaka. Asubuhi moja akasema, "Mwezi ujao tunarudi Uvira," akawasha gari.

Eish, nilichemka. Nikajimulika uso kwa tochi ya simu. Akasema nafanana na mzuka, akatazama barabara. Kumwandikia sikutaka, maneno ya namna hiyo unayasema mtu akikuona. Siku zote zile nilisuka nimekaza meno, wateja wakalalamika navuta nywele sana, na usingizi hakuna. Watoto wangu wanaota kwa Kizulu, Uvira, kwetu Kongo, wanaijua kwenye picha tu. Nani aliwauliza?

Nikimwambia atengeneze taa, anasema kesho. Nikabadilisha balbu mwenyewe, wapi! Fundi jirani ndiye aliyenionyesha: kwenye nguzo ya kila mlango kuna swichi ndogo kama kitufe, mlango ukifunguliwa inatokeza nje na taa inawaka. Zetu zote mbili zilikuwa zimeliwa na kutu ya hewa ya bahari. Akaahidi kuja Jumapili baada ya ibada. Aka, ningengoja Jumapili?

Nikanunua swichi mbili mjini, nikaaga saluni mapema, nikaifuata pikapu ilipoegeshwa karibu na soko. Ufunguo wa pili ninao. Nikafungua skrubu, nikavuta swichi ya kwanza, na waya ukachomoka ukatumbukia ndani ya nguzo. Nilitukana mpaka nikaomba Mungu msamaha. Nikatoa kwenye mkoba sindano yangu ya kulabu, nikauvua ule waya kama ninavyovuta rasta chini ya msuko, nikaubana kwa kibanio cha nywele usinikimbie tena. Nikasugua kutu kwa msasa, nikachomeka swichi mpya, nikakaza. Ya pili haikunisumbua. Nikafunga milango, nikakaa kwenye kiti changu nikimsubiri.

Jua lilikuwa limezama alipokuja. Akafungua mlango wake, taa ikatuwakia wote wawili, akaganda mguu mmoja ndani.

"Niangalie," nikamwambia. "Mimi na watoto haturudi."

Aliukazia macho mdomo wangu mpaka ulipotulia.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nilikuambia gizani."

Akaeleza kwamba mama yake anataka kufia kwao, na hakuna mwingine wa kumpeleka. Basi atakwenda naye, wao wawili tu.

Hasira yote ikaniishia, nikabaki na woga. Nikamuuliza atarudi lini. Lakini alikuwa ameshaugeuza uso, anatazama kioo cha mbele.